Maji Yanageuka Saa Ngapi?

Mjomba wangu wa Mkokotoni hajawahi kuvaa saa. Ukimpigia simu ukiwa ugenini, akishakujulia hali atakuuliza mambo mawili tu: umekula nini, na huko uliko maji yanageuka saa ngapi. Nilipokuwa Nairobi nilimjibu kwamba huku hakuna bahari, akanionea huruma kama niliyemwambia nimefungwa. Safari hii nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama kwenye gati ya Scrabster, kaskazini kabisa mwa Scotland, natetemeka ndani ya makoti mawili, nasubiri feri ya kuvukia visiwa vya Orkney.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula samaki na viazi. Maji yanageuka saa kumi jioni, wameandika ubaoni."

"Mwezi wa ngapi leo?"

Hakuwa akiuliza Septemba. Nilihesabu kwa vidole. "Kumi na nne."

"Basi hilo bamvua. Kaa katikati ya chombo, usikae mbele."

Nilikaa mbele. Mimi ni mtoto wa Unguja, nimevuka kwenda Dar es Salaam wakati wa kusi zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na nilijiona nimekwisha kukomaa. Feri ilipotoka nyuma ya rasi nilitambua kosa langu. Kati ya Scotland na Orkney kuna mlango wa bahari uitwao Pentland Firth. Mchana ule maji yalikuwa yanapwa, mkondo unatoka mashariki kwenda magharibi kwa kasi, na mawimbi ya Atlantiki yanakuja kutoka magharibi kuupokea. Mkondo na wimbi vikikutana uso kwa uso, wimbi husimama wima kama ukuta. Nilitapika samaki, nikatapika viazi, na nilipodhani nimemaliza nikatapika chai ya asubuhi. Mzee mmoja wa Orkney aliyekuwa anasoma gazeti kama aliyekaa barazani kwake alinipa mfuko wa karatasi wa pili na kuniambia kwa upole kwamba ningekuja wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, ningekunywa chai yangu kwa raha. Mjomba na yeye wangeelewana sana.

Nilikuwa nimekwenda kuangalia umeme wa bahari. Si upepo wa baharini, ambao siku hizi hata kwetu watu wanaujua kwa picha, bali umeme wa maji yenyewe: ya mkondo na ya wimbi. Orkney ni visiwa kama 70, vinavyokaliwa ni kama 20, na watu wote pamoja ni kiasi cha 22,000, hawafiki hata wakazi wa baadhi ya mitaa ya mjini kwetu. Lakini tangu 2003 mji wao mdogo wa Stromness umekuwa makao ya Kituo cha Ulaya cha Nishati ya Bahari, EMEC kwa kifupi, ambacho hakiundi mtambo wowote. Kazi yake ni kuwa uwanja wa majaribio. Wamelaza nyaya chini ya bahari, zinatoka nchi kavu hadi kwenye maji makali, na kampuni yenye mtambo wake inakuja, inauchomeka, na bahari inatoa hukumu.

Hukumu hiyo mara nyingi ni kali. Siku ya pili nilichukua teksi hadi Billia Croo, ufuko ulio magharibi mwa kisiwa kikuu, ndipo uwanja wa majaribio ya mawimbi ulipo. Kusema kweli hakuna cha kuona. Kuna kibanda, kuna nyasi zilizolala upande mmoja kwa upepo, na kuna Atlantiki yote mbele yako mpaka Marekani. Vipimo vya pale vimewahi kurekodi mawimbi yanayozidi mita 17, yaani jumba la ghorofa tano linalotembea. Dereva alizima injini tukakaa ndani ya gari tukiangalia povu. Akanionyesha kwa kidole mahali ambapo "nyoka" alikuwa akilala.

Nyoka huyo ni Pelamis, mtambo mrefu mwekundu wa mapipa yaliyounganishwa kwa viungo, uliokuwa ukielea juu ya maji na kujikunja kila wimbi lilipopita. Kule kujikunja ndiko kulikosukuma mafuta ndani yake na kuzungusha jenereta. Mwaka 2004, hapa hapa Billia Croo, ulikuwa mtambo wa kwanza duniani wa mawimbi ya bahari ya wazi kupeleka umeme kwenye gridi ya taifa. Jina lake walilitoa kwa nyoka wa baharini mwenye tumbo la manjano, ambaye wavuvi wetu wanamjua, maana bahari yake ni hii yetu ya Hindi na ile ya Pasifiki. Haogelei Orkney hata kidogo; maji yale yangemuua kwa baridi. Nilimweleza dereva kwamba kwetu nyoka huyo akinasa wavuni, mvuvi huukata wavu kuliko kumgusa. Alicheka, akasema waliomgusa huyu wa chuma nao waliumia.

Na kweli waliumia. Mwaka 2008 mitambo mitatu ya aina hiyo ilipelekwa Ureno ikafanya kazi kwa miezi michache tu, ikarudishwa bandarini. Novemba 2014 kampuni iliishiwa fedha ikawekwa mikononi mwa wafilisi. Mwaka uliofuata ikafungwa kampuni nyingine iliyokuwa na mtambo uitwao Oyster pale pale Billia Croo. Hakuna aliyeshindwa kuutoa umeme kwenye wimbi. Kilichowashinda ni kuutoa kwa bei ambayo mtu atakubali kuilipa, kwa kutumia chuma ambacho kitapigwa usiku na mchana na maji ya chumvi kwa miaka 20. Na wimbi lina kigeugeu: leo limelala kama mkeka, kesho linataka kuvunja kila kitu. Mtambo lazima ujengwe kwa ajili ya ile siku moja mbaya, halafu ulipwe kwa siku zote za kawaida. Wazo lenyewe ni la zamani. Profesa Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alianza kuunda "bata" wake wa kukamua mawimbi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na alifariki 2024 bado dunia haijalikubali wazo hilo. Nilikaa pale nusu saa. Sikumpiga nyoka picha kwa kuwa hayupo.

Mkondo ni habari nyingine. Kutwa nzima sisi watu wa pwani tunaishi kwa mkondo bila kuupa heshima yake. Mama wa Paje mwenye shamba la mwani anajua kwamba atavuna bamvua likipwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba katikati, kwenye maji mafu, hatafika kwenye vigingi vyake. Mjomba anajua zaidi: kila siku maji yanachelewa kwa dakika kama 50, basi ukijua ya leo unajua ya kesho na ya mwezi ujao. Upepo hauna ahadi hiyo. Jua lina ahadi, lakini wingu linaivunja. Maji yanaahidi na yanatimiza, na wahandisi wanaweza kukuandikia leo kiasi cha umeme kitakachotoka saa nane mchana ya siku fulani miaka kumi ijayo. Hicho ndicho kilichonipeleka kule. Nilitaka kuona elimu ya mjomba ikifanywa umeme.

Jambo moja lilinishangaza mapema. Nilipoangalia jedwali la maji pale Stromness nikakuta kwamba hata wakati wa bamvua maji yao hupanda kama mita tatu tu. Unguja tunakaribia nne! Nilijisikia fahari ya kijinga, fahari ya mtu aliyekuta nyumba ya tajiri haina ua mkubwa kama wa kwao. Lakini ule urefu wa maji si hoja. Hoja ni mahali yanapopita. Orkney imekaa kati ya bahari mbili, Atlantiki upande mmoja na Bahari ya Kaskazini upande wa pili, na maji hayajai pande zote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukiwa juu, wa pili bado uko chini, na kati yao kuna visiwa vilivyoacha vichochoro vyembamba. Maji yanasukumana kupita humo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Na kasi ndiyo kila kitu: mkondo ukienda mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Ongeza kwamba maji ya bahari ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, utaelewa kwa nini panga fupi majini linaweza kufanya kazi ya panga refu angani.

Kichochoro nilichokifuata kinaitwa Fall of Warness, kando ya kisiwa cha Eday. Kutoka mji wa Kirkwall ni zaidi ya saa moja kwa feri ndogo inayobeba kila kitu: magari, mbuzi wa mtu, magunia ya chakula cha kuku, barua. Eday ina watu wachache kuliko harusi ya kawaida ya kwetu. Ina kiwanja cha ndege kiitwacho London Airport, kwa kuwa ghuba iliyo karibu inaitwa London, na wenyeji hawachoki kumwambia mgeni utani huo. Nilitembea kwa miguu kuelekea magharibi, upepo ukinipiga shavu la kulia, mpaka nikafika juu ya gema, nikauona.

Niliutarajia mtambo. Niliona ngalawa. Kiwiliwili cheupe na manjano, chembamba, kirefu, kimelala juu ya maji kimefungwa kwa nanga nne, na kutoka ubavuni mwake inatoka mikono miwili iliyozama, mmoja huku na mmoja kule, mfano wa mirengu. Huo ndio O2 wa kampuni ya Orbital, ulioundwa Dundee na kushushwa majini Aprili 2021; miezi mitatu baadaye ulianza kupeleka umeme kwenye gridi. Urefu wake ni mita 74. Kila mkono una panga la kipenyo cha mita 20 chini ya maji, na mapanga yote mawili pamoja hutoa megawati 2, zinazotosha kama nyumba 2,000 za kule. Zisizotumia majiko ya mkaa, lazima niongeze. Mkondo unapobadilika mwelekeo, mapanga hujigeuza kwenye shina yakapokea upande wa pili. Kitu kikiharibika, mikono inainuliwa hadi juu ya maji na fundi anafika kwa boti ndogo. Hapo ndipo akili ilipo. Waliotangulia walikuwa wakishusha mitambo yao sakafuni, na kila boliti iliyolegea iliwagharimu meli kubwa ya kunyanyulia na kusubiri maji yatulie, na pale hayatulii ila kwa dakika chache. Kampuni ya OpenHydro, ambayo ilikuwa ya kwanza kuweka mtambo wake hapa mwaka 2006, nayo ilifilisiwa 2018.

Nilimpigia mjomba kwa video, nikaigeuza kamera.

"Naona ngalawa," akasema. "Mbona haina tanga?"

"Haiendi popote, mjomba. Imetia nanga."

"Inavua nini hapo kwenye mkondo wote huo?"

"Haivui. Inafua."

"Inafua nguo?"

"Inafua umeme."

Alinyamaza, akaangalia. Mkondo wa Warness unaweza kufikia karibu mita nne kwa sekunde. Mkimbiaji wa kawaida angeachwa, na mtu wa kutembea asithubutu. Kwenye skrini ya simu lazima ulionekana, maana nyuma ya chombo kulikuwa na mikia miwili ya maji yanayochemka, kana kwamba chombo kinakwenda kasi ilhali hakisogei. Nilisubiri aniambie ni maajabu. Yeye akaniuliza maji yakisimama inakuwaje. Swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi kwa wiki nzima. Yakisimama, panga linasimama. Mara nne kwa siku, kati ya kujaa na kupwa, chombo kinapumzika kama mvuvi anayesubiri maji yageuke ndipo atoke. Na kwenye maji mafu kinafanya kazi kinyonge.

Basi watu wa Eday walitafuta namna ya kuweka akiba. Wana mtambo unaopitisha umeme ndani ya maji hadi yakaachana, haidrojeni huku na oksijeni kule. Haidrojeni inashindiliwa kwenye mitungi, inapakiwa kwenye gari, gari linapakiwa kwenye feri, na kule Kirkwall inageuzwa tena umeme wa kuwashia taa za meli zilizofunga gatini. Walianza 2017. Ukipiga hesabu, umeme mwingi unapotea njiani katika kugeuzwageuzwa huko, na mtu wa mahesabu atasema ni ujinga. Nilisema hivyo hivyo kwa mama mmoja aliyenikaribisha chai kisiwani. Alinipeleka dirishani.

Nje, juu ya kilima, kulikuwa na mnara wa upepo, pangaboi kubwa jeupe ambalo ni mali ya wanakisiwa wenyewe. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba dirisha lilikuwa likigugumia. Pangaboi limesimama.

"Limeharibika?" nikauliza.

Hapana. Limezimwa. Tangu 2013 Orkney kwa mwaka huzalisha umeme mwingi kuliko unaotumika visiwani, kwa upepo zaidi, na bahari inaongezea. Lakini nyaya zinazoviunganisha visiwa na Scotland ni mbili tu, za zamani, zilizolazwa wakati visiwa vilikuwa vinapokea umeme, si kuutoa. Upepo ukivuma sana waya unajaa kama bomba, na mtu aliye mbali anabonyeza kitufe, mapangaboi yanasimama, na wanakisiwa wanapoteza mapato ya siku hiyo huku upepo wao ukipita bure juu ya paa. Haidrojeni yao haishindani na umeme mwingine. Inashindana na pangaboi lililozimwa. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati iliidhinisha waya mpya wa megawati 220, unaotarajiwa kufika 2028. Mama yule alisema atauamini atakapouona.

Nilikaa na kikombe changu nikakosa cha kusema, kwa sababu waya ule ulinirudisha nyumbani. Unguja nayo inakula umeme kupitia waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Ule wa kwanza ulilazwa 1980. Mwaka 2008 ulitupa giza kwa karibu mwezi, na Desemba 2009 ukatuacha tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Nakumbuka jenereta za Darajani zikinguruma mpaka watu wakawa wanaongea kwa kupayuka hata ndani ya nyumba zao. Nakumbuka ndoo: pampu hazina umeme, kwa hiyo mabomba hayana maji, na tuko kisiwani tumezungukwa na maji. Mjomba alikuwa akirudi na samaki alfajiri akiwa hana barafu ya kuwawekea, anawauza kwa bei ya kutupa kabla jua halijapanda. Mwaka ule ule wa 2010 Pemba nayo ikapata waya wake kutoka Tanga, na 2013 Unguja tukapata mpya mkubwa zaidi. Kwetu kisiwa kilikufa kwa sababu waya hauleti. Eday kisiwa kinadhulumiwa kwa sababu waya hauchukui. Niliondoka nyumbani nikidhani nitakuja kusoma habari za bahari, nikajikuta kila ninapokaa watu wananisimulia habari za waya.

Na za bei, bila shaka. Kule serikali hupiga mnada wa mikataba: nani atatuuzia umeme kwa bei ndogo. Katika mnada wa 2022 umeme wa mkondo wa bahari ulipata nafasi kwa mara ya kwanza, megawati kama 40, kwa bei ya pauni 178 na ushee kwa kila megawati-saa. Mnada huo huo, umeme wa upepo wa baharini ulikubaliwa kwa pauni 37. Karibu mara tano. Wanaoutetea mkondo wanasema upepo nao ulianza ghali, na wanasema kweli. Lakini aliyezika kampuni mbili tatu pale Billia Croo ana haki ya kuuliza ni nani atalipa karo ya masomo mpaka bei ishuke. Mimi sikurudi na hamu ya kuchomeka ngalawa ya megawati mbili kwenye mkondo wa Pemba. Nilirudi na hamu ya kitu kilicho rahisi zaidi, yaani uwanja wa kupimia: mtu akae na vyombo vyake kwenye milango yetu ya bahari mwaka mzima, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, aandike kasi. Orkney hawakuanza na umeme. Walianza na daftari. Na daftari la kwetu lipo nusu yake tayari, limo kichwani mwa watu wa umri wa mjomba, ambao hakuna aliyewahi kuwaendea na kalamu.

Jioni feri ya kurudi Kirkwall ilichelewa. Nilisimama gatini mimi na mbwa wa mtu. Upepo haukupungua, na juu ya kilima pangaboi lilikuwa bado limesimama, mapanga yake matatu yametulia kama mikono ya mtu aliyeambiwa asiguse. Simu ikalia.

"Umeshafika mjini?"

"Bado, mjomba. Nasubiri chombo."

Nikamwonyesha kilima. Aliliangalia pangaboi, akaliangalia wingu linavyokimbia nyuma yake.

"Upepo huo wote. Mbona wamelizima?"

"Waya hautoshi."

"Waya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa jina la mdeni wake wa zamani. Nilisikia nyuma yake jirani anapiga misumari kwenye dau, na kuku. Kisha akakohoa, akarudi kwenye mambo ya maana.

"Na maji?"

Niliangalia chini ya gati. Majani ya mwani yaliyokuwa yamelala kuelekea kusini tangu mchana sasa yalikuwa yamesimama wima, hayaelekei popote, na moja au mawili yalikuwa yameanza kuinama upande wa pili.

"Yanageuka, mjomba. Sasa hivi."